Siku Mbili Katika Tembe la Kwihara

Kusini magharibi ya mji wa Tabora, mwendo wa kilomita chache, ipo nyumba ya udongo yenye kuta nene na paa lililolala sawa kama sakafu. Vyumba vyake vimeuzunguka ua, na mlango wake mkubwa umetiwa nakshi kwa mtindo wa pwani. Jina lake mashuhuri ni Tembe la Livingstone. Walakini Daktari David Livingstone hakulijenga tembe hili, hakulinunua, wala hakukusudia kukaa humo. Aliingia 18 Februari 1872 akitoka Ujiji pamoja na Henry Morton Stanley, akatoka 25 Agosti mwaka ule ule. Miezi sita na juma moja ya mgeni imetosha kuipa nyumba jina kwa zaidi ya karne moja, na wengine wote waliopika, walioshona, waliougua na waliongoja humo wamekuwa kama kivuli cha jina hilo.

Kiangazi kilichopita nilikwenda Kwihara na wanafunzi 12. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si mwanahistoria wa kazi, na kilichonipeleka huko ni maneno. Kwa miaka kadhaa nimesomesha habari za misafara katika vitabu vya wenyewe waliosafiri: maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, na zile safari zilizokusanywa na Carl Velten zikapigwa chapa mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli. Kila mwaka wanafunzi hunipa maana ya mtumba, posho, hongo, kirangozi na frasila pasipo kukosea, nami kila mwaka huona kwamba hawajui wasemalo. Mtu anaweza kusema frasila 2 kwa ulimi mwepesi kabisa. Nikaazimia kwamba safari hii watazibeba.

Jambo lenyewe si jipya duniani. Mwaka 1891 Artur Hazelius alifungua mahali paitwapo Skansen mjini Stockholm, akahamishia huko nyumba za kale za Uswidi na kuweka watu wa kufanya ndani yake kazi za kale. Huko Virginia, Marekani, mji wa Williamsburg umefanywa upya ufanane na ulivyokuwa katika karne ya 18, na watu waliovaa nguo za zamani hufua vyuma, huoka mikate na kuzungumza na wageni kana kwamba mfalme wa Uingereza angali anawatawala. Nasi tunacho Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam, kilichoanzishwa 1967, ambamo nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa na ngoma huchezwa. Wenye elimu hiyo huiita historia iishiyo. Jina ni zuri, ingawa nilikuja kugundua kwamba lina mtego ndani yake.

Kabla sijaingia katika habari za siku zenyewe, yafaa msomaji akumbuke Unyanyembe ilikuwa nini. Njia kuu iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo, ikafika hapa, na hapa ikagawanyika: tawi moja likaenda Ujiji, jingine Karagwe na Buganda, na mengine kusini. Richard Burton na John Speke walifika Kaze, ndivyo walivyopaita, tarehe 7 Novemba 1857, wakakuta Waarabu wamekwisha kujenga, wamepanda bustani, na wanakaribisha wageni. Mahali palikuwa chini ya watemi wa Unyanyembe, na ugomvi wa watemi na wafanyabiashara haukukoma: Mnywa Sele alifukuzwa na Waarabu katika miaka ya 1860, na Mkasiwa akawekwa badala yake. Baadaye Isike alipigana na Wadachi hata Januari 1893, ngome yake ilipoangushwa naye akafa ndani yake. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya mabega ikaanza kufa.

Lakini jambo ambalo vitabu vya shule havilisemi sana ni hili: wengi wa waliobeba mizigo katika njia ile walikuwa Wanyamwezi huru waliofanya kazi kwa ujira. Walipatana mshahara kwa nguo, walidai posho yao ya kila siku, na wakionewa waliweka mizigo chini. Picha tuliyoizoea, ya mstari wa watu wenye minyororo shingoni, ni ya kweli, maana misafara ya namna hiyo ilikuwapo. Ila si picha ya kila msafara. Stephen Rockel katika kitabu chake cha mwaka 2006 ameonyesha jinsi wapagazi walivyokuwa na desturi, heshima na sheria zao za kazi. Katika msafara mmoja waliweza kuwamo mtu huru aliyeajiriwa, mtumwa aliyetumwa na bwana wake akafanye kazi ili ujira wake ugawanywe, na mtoto aliyenunuliwa njiani. Wote walikula ugali uliosongwa katika chungu kimoja.

Tulifikia Gongoni, mtaa mmojawapo wa Tabora, katika nyumba ya bibi mmoja mzee aliyetukodishia vyumba. Ijumaa jioni nilitoa kopo lenye karatasi 12 zilizokunjwa. Katika kila karatasi nilikuwa nimeandika jina la mtu aliyekaa au aliyepita Kwihara kati ya 1871 na 1873, na kila mwanafunzi alitakiwa kuokota moja, asome habari za mtu wake usiku ule, na kesho awe yeye. Kulikuwa na Livingstone na Stanley; Abdallah Susi na James Chuma; Halima mpishi na Amoda mumewe; Jacob Wainwright; Said bin Salim, liwali wa Unyanyembe, aliyempeleka Stanley katika nyumba ile; John Shaw, Mwingereza aliyeugua, akarudishwa Kwihara, akafia huko; wapagazi wawili wasio na majina; na mtoto Kalulu. Nilijiona mwerevu sana kwa kopo lile.

Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua mchicha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, na mtumwa umempa nani?"

Nilimjibu kwamba katika mchezo wetu hakuna mtumwa, wapo wapagazi, na wapagazi walikuwa watu huru. Akasema, "Haya," akaendelea na mchicha wake. Wazee wana namna ya kusema haya ambayo si kukubali.

Jumamosi alfajiri tulifunga mizigo. Frasila moja ilikuwa na ratili 35, na mzigo wa kawaida wa Mnyamwezi ulikuwa frasila 2, yaani kilo 32 hivi, mbali na chungu chake, mkeka wake, silaha yake na akiba yake ya chakula. Tulipima mchanga na mtama katika magunia, tukayaviringisha kwa marekani iliyonunuliwa sokoni, tukayafunga kwa kamba. Niliwapa vijana wanne mzigo kamili, wengine nusu, na wasichana waliokataa kupewa nusu wakapewa kamili. Njia si ndefu. Stanley alitembea karibu miezi mitatu kutoka pwani hata akaingia Unyanyembe Juni 1871. Sisi tulikuwa na mwendo wa asubuhi moja tu. Hata hivyo, kabla hatujaacha nyumba za mwisho za mji, wawili walikuwa wamekwisha kutua. Mmoja alisema mzigo si mzito, ila haukubali kukaa. Maneno hayo niliyaandika, maana ndiyo niliyoyafuata. Uzito ni jambo la mizani. Kukaa kwa mzigo ni ujuzi, na ujuzi huo ulikuwa elimu ya nchi nzima. Kijana wa Kinyamwezi aliufundishwa tangu utotoni, akijizoeza kwa pembe ndogo au furushi dogo begani, na asiyewahi kwenda pwani alipata taabu kuhesabiwa kuwa mwanamume kamili.

Hapo njiani ilitokea historia iishiyo ambayo sikuipanga. Mwanafunzi mmoja Mzaramo alikuwa ameketi juu ya mzigo wake akihema. Kijana Mnyamwezi akampita, akamwambia kwamba Mzaramo tangu lini akabeba, kazi yake ni kungoja pwani akamuuzie nazi anayebeba. Mwingine akajibu kwamba Mnyamwezi akifa leo atazikwa na nani kama si mtani wake, basi na anyamaze asije akatupwa porini. Wakacheka, wakasaidiana kuinua. Wachunguzi wengi wa mila husema kwamba utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulikuzwa na njia hii ya misafara, mgeni alipohitaji mtu wa kumsitiri katika nchi ya watu. Vijana hawa hawakuwa na habari hiyo. Walirithi maneno, na maneno yakafanya kazi yake ile ile, mtu mmoja alipokuwa chini na mwenzake amesimama.

Kwihara tulifika jua likiwa limepanda. Mlinzi wa mahali alitupokea kwa wema na kutueleza masharti: tusiguse vilivyohifadhiwa, moto uwashwe nje, na jioni tuondoke, kwa kuwa nyumba ya ukumbusho si nyumba ya kulala. Sharti la tatu lilikuwa zuri kuliko alivyojua. Nyumba za udongo hazidumu bila kutengenezwa, na tembe hili limejengwa upya. Anayeweka kiganja ukutani akidhani anaugusa udongo alioushika Livingstone anajidanganya. Mahali ni pale pale. Ukuta ni mfano wake.

Niliwaambia wanafunzi kwamba kazi kubwa ya nyumba hii ilikuwa kungoja. Stanley alingoja hapa kiangazi cha 1871, vita vya Mirambo vilipoifunga njia ya Ujiji. Alijiunga na Waarabu kwenda kumpiga mtemi yule, wakashindwa. Na Agosti 1871 Mirambo akaja Tabora yenyewe, akamwua Khamis bin Abdallah, akautia mji moto. Moshi wake ulionekana kutoka Kwihara. Stanley akatoboa kuta matundu ya bunduki, akachimba handaki, akatweka bendera ya Marekani, akangoja shambulio lisilokuja. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Livingstone. Stanley alipokwenda zake pwani tarehe 14 Machi 1872, mzee alibaki siku 164 akingoja wapagazi ambao rafiki yake aliahidi kumpelekea. Alisoma, alishona turubai ya hema, aliandika habari za vita alizoletewa na wapita njia, alinunua ng'ombe, na kwa ajili ya safari alitengeneza jibini, nayo ikatoka chachu kidogo kwa kuwa maziwa hugeuka upesi katika nchi hii.

Hebu fikiri, msomaji, jinsi ilivyo vigumu kuigiza kungoja. Mwanafunzi aliyekuwa Livingstone alikaa barazani na kitabu, na baada ya robo saa akaja kuniuliza afanye nini sasa. Nikamwambia angoje. Akarudi, akakaa tena. Lakini kule uani hakuna aliyeuliza afanye nini. Moto ulitaka kuni, mtama ulitaka kusagwa, maji yalitaka kuchotwa, na msichana aliyeokota karatasi ya Halima alikuwa amekwisha kuwaamrisha watu watano, Stanley akiwa mmojawapo. Walisaga kwa mawe tuliyoazimwa na mama mmoja jirani, ambaye aliwatazama kwa huruma kwa muda mrefu, kisha akamwondoa msichana mmoja jiweni akakaa mwenyewe. Kwa mikono yake unga ulitoka mwororo. Kwa mikono yetu ulitoka chenga, na ugali wetu, tuliokula kwa mlenda na karanga, ulisagika mara ya pili baina ya meno.

Halima huyu anastahili kusimuliwa. Ni yeye aliyempikia Livingstone na mgeni wake kule Ujiji, na alikuja naye Kwihara pamoja na Amoda. Siku moja, baada ya ugomvi na mwanamke mwenzake, alitoroka. Kisha akarudi kwa hiari yake mwenyewe. Bwana wake akaandika katika shajara kwamba hakuna mwenye faida kuliko yeye katika msafara, wala hakupata kuiba, wala hakumwacha mumewe aibe. Na kwamba atamweka huru, amnunulie nyumba na shamba watakapofika Unguja. Msichana wetu aliyasoma hayo kwa sauti pale jikoni, mwiko mkononi. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mwalimu, mtu haahidiwi uhuru akiwa anao."

Sikuwa na jawabu. Niliyasoma maneno yale mara nyingi nikiyahesabu kuwa sifa ya mpishi na wema wa bwana. Sikupata kuyasoma kama habari ya mtu asiye huru, tena katika nyumba ya mtu ambaye dunia yote humjua kwa kupinga biashara ya watumwa. Ahadi ile ilimngoja Livingstone afike Unguja, naye hakufika tena.

Baada ya chakula alinijia kijana mdogo kuliko wote. Yeye ni mzaliwa wa Tabora, mwanafunzi mtulivu, na karatasi yake ilikuwa ya Kalulu. Tangu asubuhi alibeba mzigo wake bila neno, lakini nilikuwa nimeona kwamba kila mara tulipofika mahali pa kuigiza alijitia katika kazi nyingine. Nikamwambia, kwa ukali ambao sasa naujutia, kwamba wenzake wamefanya sehemu zao, naye asijifiche nyuma ya kuni.

Akaniuliza, "Nitolewe na nani, Mwalimu? Na nani anipokee?"

Habari ya Kalulu ni fupi. Stanley alipokuwa Unyanyembe mwaka 1871, mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimletea mtoto wa kiume kuwa zawadi. Alipouliza jina lake akaambiwa Ndugu Mali. Stanley hakulipenda, akawakusanya watu wake uani wamtafutie jina jingine, na mmoja wao akapendekeza Kalulu, jina alilolieleza kuwa la mnyama mdogo mwepesi wa mwituni. Mtoto akawa Kalulu. Alipelekwa Uingereza, akasoma huko kidogo, akahudhuria mazishi ya Livingstone, na Stanley akaandika hadithi iliyopewa jina lake, ikatoka 1873. Mwaka 1877 mtumbwi aliokuwamo ulichukuliwa na maji ya mto Kongo, naye akafa, na maporomoko yale yakaitwa kwa jina lake. Jina alilopewa, nataka kusema, si alilokuja nalo. Wala lile la kwanza sidhani kwamba ni la mamaye. Waingereza walilifasiri kuwa mali ya ndugu yangu na kuendelea na safari. Mswahili akilisikia husimama, kwa sababu maneno mawili hayo hayakai pamoja. Aliye ndugu si mali.

Kijana akaniambia tena, kwa sauti ya chini, kwamba mmoja wa bibi zake wa kale aliletwa Unyanyembe akiwa mtoto kutoka Manyema. Akasema, "Kwetu jambo hili halisemwi. Wewe umeliweka katika kopo."

Nilikumbuka haya ya yule bibi wa Gongoni. Nilikuwa nimemjibu kwamba hatuna mtumwa katika mchezo wetu, na kumbe nilikuwa naye, nimemkunja katika karatasi na kumwita mtoto. Tena alikuwapo wa pili jikoni, na yeye sikumwona mpaka alipojisema.

Wako watakaoniambia kwamba mambo machungu nayo yaigizwe, kwa kuwa yasipoonekana yatasahauliwa. Hoja hiyo ni nzito, nami siidharau. Williamsburg walilijaribu hilo tarehe 10 Oktoba 1994: waliigiza mnada wa watumwa hadharani. Watu walikuja kupinga kwa nguvu, wakisema mateso ya wazee wao yanafanywa tamasha. Na baada ya kuona, baadhi yao walibadili mawazo, wengine hawakubadili. Lakini kuna tofauti moja ambayo sikuijali nilipokuwa nakunja karatasi zangu. Huko Virginia waliolipanga jambo lile na kusimama pale mnadani walikuwa wafanyakazi weusi wa mahali pale, waliokata shauri wenyewe kwamba habari ya wazee wao isimuliwe hivyo. Mimi niliwagawia watoto wa watu kwa bahati nasibu. Aliyeokota Stanley alipata kofia. Aliyeokota Ndugu Mali alipata kutolewa zawadi.

Tena Tabora si Virginia. Hapa mjukuu wa aliyenunua na mjukuu wa aliyenunuliwa wanaswali safu moja, wameoana, wanaitana shemeji, na amani yao imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya kutoulizana. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini Tanganyika ilipata sheria ya kuufuta utumwa wenyewe mwaka 1922 tu. Wapo wazee hai leo waliolelewa na watu waliokuwa watu wazima mwaka ule. Mimi sisemi kwamba kimya hicho ni kizuri. Nasema kwamba hakuna mgeni mwenye kopo anayestahili kukivunja, na kwamba mzigo wa frasila 2 mtu huweza kuutwaa asubuhi akautua jioni akajua jambo asilolijua, lakini kuwa mali ya mtu hakuvaliwi kwa siku mbili kukavuliwa. Anayekuvaa hivyo hujifunza uongo, maana jambo la kwanza katika utumwa ni kwamba hapana Jumapili jioni.

Nilimwomba kijana radhi mbele ya wenzake. Kisha tukaketi uani kwenye kivuli cha ukuta, tukauacha mchezo. Yeye mwenyewe akasema atazisoma habari za mtoto yule, ila hatakuwa yeye. Akasimama akasoma yote, tangu zawadi hata maporomoko, polepole, bila kuigiza sauti ya mtu. Alipolifikia jina la kwanza alilisoma mara mbili. Jua lilipopunguka tukazima moto, tukaiacha mizigo kwa mlinzi, tukarudi Gongoni.

Jumapili tulikuwa tumebakiwa na habari moja, na hiyo wanafunzi wote walitaka kuifanya. Livingstone alifariki 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake walimzika moyo wake pale, Jacob Wainwright akasoma sala na kuchonga maandishi mtini, wakaukausha mwili juani, wakaufunga, wakaubeba. Oktoba walifika Kwihara. Katika tembe hili hili walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron na wenzake, wazungu waliotumwa kumtafuta mzee akiwa hai, nao wamelala na homa. Cameron aliwashauri wamzike hapa hapa Unyanyembe, kwa kuwa njia iliyo mbele ina hatari. Akafungua masanduku, akachukua baadhi ya vyombo vya kupimia nchi. Susi, Chuma na wenzao walimsikiliza kwa adabu, wakakataa. Mara nyingi nimewasikia watu wakiwasifu hawa kwa utiifu. Mimi naona kwamba pale Kwihara hawakumtii mtu yeyote. Mzungu aliyekuwa hai alitoa shauri lake, nao wakashika lao.

Mbele kidogo, karibu na Kasekera, wenyeji walikataza maiti isipite nchini mwao. Hapo wapagazi wakafanya mchezo ambao kama upo mchezo unaostahili kuigizwa katika njia nzima ya Bagamoyo ni huo. Walitangaza kwamba wamekubali, maiti inarudishwa Unyanyembe kuzikwa. Wakakata mabua ya mtama, wakayafunga kwa nguo yakawa kama mtu, watu sita wakayabeba kwa huzuni kurudi walikotoka. Walipofika porini wakayatawanya mabua, wakarudi usiku mmoja mmoja. Nao mwili wenyewe ulikuwa umekwisha kufungwa upya kama mtumba wa nguo, ukapita mbele ya macho ya watu kama bidhaa nyingine yoyote. Februari 1874 ukafika Bagamoyo; 18 Aprili ukazikwa London, katika kanisa la Westminster. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, wakamsaidia Horace Waller kuzipanga shajara ambazo ndizo zinazotupa habari nyingi za nyumba hii.

Basi tukapata mabua shambani kwa jirani, tukayafunga kwa marekani yetu. Sita wakayainua begani, yule kijana mdogo akiwa wa mbele; nafasi hiyo aliiomba mwenyewe. Tukashika njia ya mjini. Nilitarajia kicheko, na mwanzoni kilikuwapo. Lakini hatukwenda mbali tukakutana na wanawake wawili wenye ndoo. Wakasogea kando, wakazitua, wakainamisha vichwa. Mwenye baiskeli akashuka. Mzee mmoja akavua kofia, akaanza kufuatana nasi kama ilivyo desturi, bila kuuliza ni nani aliyefariki.

Kijana wa mbele akageuza shingo, akaninong'oneza, "Mwalimu, tuwaambie?"

Tukasimama. Nikamweleza mzee kwamba sisi ni wanafunzi na kilichobebwa ni mabua. Hakukasirika. Aliuliza mabua hayo ni ya kazi gani, nikamweleza habari ya Kasekera, naye akatembea nasi kitambo kirefu akiisikiliza, kofia ikiwa bado mkononi, akataka kujua hasa wale sita walirudije usiku pasipo kuonekana, na kama walikuwa Wanyamwezi.

Gongoni tulifika magharibi. Bibi alitutazama tukiingia na furushi, akatuuliza ni nini hicho, tukamwambia. Akaikata kamba kwa kisu cha jikoni, akaikunja marekani vizuri akaiweka kando, kisha akayachukua mabua akayaegemeza ukutani karibu na mafiga, yawe ya kuwashia moto wa chai asubuhi.